Mafuta ya Nazi Kwenye Usukani

Mume wangu Muhiddin ni kinyozi, na kabla sijaanza kumsema, maana nitamsema, niseme kwanza hili: kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kumtoa damu mtoto mchanga. Wakubwa kawakata, tena wengine walistahili, maana hawatulii kitini, kila anayepita mlangoni lazima wamgeukie. Lakini watoto wa siku saba, hajawahi. Mpaka mwaka huu.

Kiti chake kiko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, katika chumba alichokirithi kwa baba yake, chembamba hata wateja wawili wakingoja basi mmoja lazima asimame nje. Nyumbani kwetu ni Bububu. Dukani hutumia mashine kama vinyozi wote wa siku hizi, lakini jina lake halikutokana na mashine. Limetokana na akika. Mtoto akitimiza siku saba anachinjiwa, anapewa jina, na nywele alizozaliwa nazo zinanyolewa zote kwa wembe. Hapo ndipo watu wa mjini na wa shamba wanapomtafuta Muhiddin. Naye huenda kwa baiskeli, na mkoba wake wa ngozi mgongoni, na ndani ya mkoba wembe wa kukunja wa marehemu baba yake.

Kichwa cha mtoto wa siku saba hakijafunga. Pale juu kwenye utosi pana mahali laini, panapanda na kushuka kila moyo ukipiga, na kila mama anapaogopa hata kupapangusa. Muhiddin ana namna yake. Wembe anaushika kwa vidole vitatu, na kidole kidogo cha mkono uleule anakitanguliza, kinapapasa kichwani mbele ya makali. Kidole kikifika penye ulaini mkono mzima unajua, wembe unanyanyuka kidogo, unapita kwa wepesi. Baba yake alimfundisha kwa papai bivu lililopakwa povu la sabuni, akimfunga macho kwa kitambaa. "Macho yanadanganywa na povu," alikuwa akimwambia. "Kidole kidogo hakidanganywi."

Sasa niingie kwenye baiskeli, maana balaa lote lilianzia huko.

Baiskeli yake ya zamani ilikuwa ya Kichina, nyeusi, nzito, usukani wake umepinda kumrudia mpandaji, na akiipanda anakaa wima kama kadhi. Mwezi wa nne mkwe wetu Wakil, mume wa binti yetu Khairat, akamletea baiskeli ya milima. Wakil anafanya kazi katika hoteli moja huko pwani ya kaskazini, na mgeni mmoja alipokuwa akiondoka alimwachia. Gia ishirini na moja, matairi yenye meno, rangi ya chungwa. Nilimuuliza, "Wakil, mwanangu, huo mlima wenyewe uko wapi hapa Unguja?" Akacheka. Muhiddin hakucheka. Alikuwa ameshaipenda, anaizunguka akiigusagusa, mzee wa miaka hamsini na sita.

Usukani wa ile baiskeli umenyooka, tena uko chini. Ili uendeshe lazima uuinamie, na uzito wa kifua chako chote unaulaza juu ya viganja. Bububu mpaka Mkunazini, kwenda na kurudi, kila siku isipokuwa Ijumaa, na juu ya hayo safari za akika kwenye njia za mawe za mashamba. Wiki ya tatu akaanza kulalamika kwamba kidole kidogo na jirani yake vinawashawasha, kana kwamba sisimizi wanatembea ndani. Mkono wa kulia zaidi.

"Ni hizi raba," alisema. Zile raba za kushikia, za mwishoni mwa usukani. Zilikuwa nyembamba na ngumu, zimekwisha. Siku moja akapitia sokoni akanunua nyingine. Aliniambia alivyochagua: alizibonyeza moja moja kama anayechagua maembe, akachukua zilizobonyea kuliko zote. Zilikuwa za sponji, nene, kila moja imejaa mkono. Nami nikazibonyeza nikamsifu. Nani asiyejua kwamba kitu laini ndicho kizuri?

Zikawa haziingii. Alisukuma mpaka jasho likamtoka. Basi nikaingia ndani nikamletea chupa yangu. Mafuta yangu ya nazi napika mwenyewe, na sioni haya kusema kwamba Bububu nzima hakuna mfano wake. Nayatumia kwa nywele, kwa ngozi, kwa mlango unaolia, kwa pete iliyokwama kidoleni. Nikamimina mwenyewe, ndani ya raba na juu ya chuma, bila uchoyo. Raba zikateleza mpaka mwisho, mara moja. "Unaona?" nikamwambia. Nilikuwa nimejaa fahari. Nikikumbuka ile fahari natamani ardhi inimeze.

Kwa sababu tangu siku ile zikawa zinazunguka. Akikata kona zinageuka mkononi. Basi akawa anazikaba, njia nzima, kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke. Hakuniambia. Na mimi sikuuliza.

Mwezi wa saba kikombe kilimtoka mkononi mara mbili. Mara ya kwanza akasema chai ilikuwa ya moto. Mara ya pili akaokota vigae mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na hapo moyo wangu ukaingia baridi. Baba yake alianza hivyohivyo. Kidole, kisha kiganja, kisha siku moja akaanguka barazani asiweze kusema jina lake. Kiharusi. Aliishi miaka miwili mingine akilishwa kwa kijiko. Mimi ndiye niliyemlisha, kwa hiyo msiniambie niliogopa bure.

Halafu siku moja alirudi kutoka akika ya Chuini, akakaa uani akiosha wembe. Akauosha, akaupangusa, akauosha tena. Nikamwendea. Pembeni ya bakuli palikuwa na kipande cha pamba chenye tone la damu, si kubwa kuliko mbegu ya pilipili.

"Nimemkwaruza mtoto," alisema bila kuinua kichwa. "Juu ya sikio. Hapana aliyeona."

"Vipi, Baba Khairat?"

"Kidole kimekufa. Kimepita pale, mie sikusikia kitu. Kama si changu."

Nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Alisema ukienda hospitali unapewa jina la ugonjwa, na ukishapewa jina hutorudi tena kuwa mtu. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikalia. Mzee mbishi yule. Alichokubali ni kimoja tu: akika nyingine zote atasema hana nafasi.

Ila ilikuwa ipo moja isiyoweza kukataliwa. Khairat alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Alijifungua Jumamosi asubuhi, mtoto wa kike, huko Mangapwani kwa wakwe zake. Simu ilipopigwa nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha simu ikachukuliwa na Bi Kidawa, mama yake Wakil, sauti imejaa furaha: akika ni Ijumaa, mbuzi ameshapatikana, na kinyozi, alisema, kinyozi tunaye wa nyumbani, alhamdulillahi. Nilimtazama Muhiddin. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, anakikunja na kukikunjua kile kidole chake.

Jumapili asubuhi nikaletewa habari kwamba ameanguka na baiskeli karibu na Kinazini, na yuko kwa Kheir, fundi baiskeli wa nyuma ya Darajani. Sijui nilivaa buibui vipi. Njia nzima nilikuwa namwona baba yake akiwa chini barazani, mdomo umekwenda upande. Nilipofika, Muhiddin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, goti limechunika, anakunywa maji. Nikamwambia, "Sema jina langu."

"Salhiya. Kwani vipi?"

Nikakaa chini palepale, kwenye sakafu ya grisi, nikamshukuru Mungu.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema Kheir. Ni mtu wa makamo, mwembamba, hasemi kabla hajaangalia. Mkononi alikuwa na raba moja ya sponji. Ilikuwa imechomoka nzima Muhiddin alipokata kona, akabaki ameshika raba hewani na baiskeli imekwenda zake.

"Marahaba."

Kheir alipitisha kidole kwenye chuma cha usukani, akakinusa. Akanusa tena.

"Nani katia mafuta ya nazi humu?"

Muhiddin akaangalia barabarani. Nikasema, "Mie."

"Mafuta mazuri," alisema Kheir kwa adabu. "Lakini hapa hayafai, Bi Salhiya. Sie tunatia maji ya sabuni au spiriti, ikikauka raba inashika. Mafuta ya nazi hayakauki. Yanakaa humohumo mpaka yakutupe." Kisha akamgeukia mume wangu. "Hebu nipe mkono. Vidole vyako viwili hivi vimekufa ganzi, sivyo? Hiki kidogo, na nusu ya hiki?"

Muhiddin alishtuka. Na mimi nilishtuka zaidi. Hatukuwa tumemwambia mtu.

"Nshawaona wengi," alisema Kheir. "Wale vijana wanaotembeza wageni kisiwa kizima kwa baiskeli. Wote vidole hivihivi." Akabonyeza kiganja cha Muhiddin kwa kidole gumba, pale chini karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. "Hapa unapita mshipa wa fahamu. Usukani wa moja kwa moja unaulalia hapa. Raba ya sponji inabonyea mpaka kiganja kinakuta chuma, kwa hiyo ulaini wake wa uongo. Tena nene kwa mkono wako. Tena inazunguka, basi wewe unaikaba. Mambo matatu yote juu ya mshipa mmoja."

Nilitaka kuamini. Wallahi nilitaka. Lakini nilijiuliza, huyu ni fundi wa minyororo na spoki, anajua nini habari za kiharusi? Nikamwambia wazi. Hakukasirika. Alisema, "Nendeni mkapimwe, msinisikilize mie." Na palepale, goti lake likivuja damu, nikamburura mume wangu mpaka zahanati. Presha ilikuwa sawa. Sukari sawa. Daktari, msichana mdogo, akambonyeza kiganja palepale alipobonyeza Kheir, akauliza, "Baba, unapanda baiskeli?"

Tulirudi kwa Kheir. Muhiddin alikuwa anatembea kama mtu aliyetolewa jela, na mimi nyuma yake ningali naogopa, ila sasa woga umebadilika sura. Kheir alitandika gunia na kupanga juu yake raba za usukani aina nne. Alimfumbisha macho mume wangu, akampa moja moja kwenye kipande cha bomba, ailalie kwa uzito wake wote na kuhesabu hadi mia. Nyembamba za mistari: akasema zinamchoma. Nene ngumu: vidole havifungi. Za mwisho zilikuwa na ubawa nyuma, sehemu bapa iliyotoka kama ukingo wa sahani, na pete ya chuma mwishoni yenye skrubu ya kukazia. Hazikuwa laini hata kidogo. Nilizibonyeza, ngumu. Lakini kiganja kizima kilikaa juu ya ule ubawa, uzito ukaenea, na pale pa mshipa pakabaki wazi.

Muhiddin alihesabu mia, akaongeza mia nyingine. "Hizi," alisema. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia akichagua wembe.

Kheir alisafisha chuma kwa spiriti mpaka harufu yangu ikatoka yote, akazifunga, akainua usukani, akashusha mikono ya breki ili vifundo vya mikono visipinde. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. "Ila usiipande mpaka ganzi iondoke."

"Siku ngapi?" niliuliza mimi.

"Mwengine wiki mbili. Mwengine mwezi, miezi miwili."

Ijumaa ilikuwa siku tano mbele.

Nilimwambia Muhiddin tupige simu Mangapwani tuseme ukweli. Si kiharusi, si aibu, ni raba za baiskeli. Alinitazama kama nimemtukana. "Nikisema mkono umekufa, nani atanipa mwanawe tena? Watasema kinyozi hata mjukuu wake kamuogopa." Kisha, taratibu, "Na Wakil atajua ni baiskeli yake." Hilo la Wakil lilinifunga mdomo. Tukakubaliana tungoje, tupime.

Kipimo chetu kilikuwa hiki. Kila asubuhi baada ya sala anakaa barazani, anafumba macho, anaweka mkono juu ya goti. Mimi naweka kitu juu ya kidole kidogo, uzi, au punje ya mchele, au siweki. Halafu nauliza, "Kuna kitu?"

Jumatatu niliweka punje ya mchele. "Hamna," alisema. Nikaweka kitufe. "Hamna." Jumanne nikaweka uzi, kisha sarafu. "Hamna." Niliichukua ile sarafu nikaikamata mkononi mpaka ikanichora.

Jumatano niliweka uzi.

"Kipo," alisema. Akatabasamu, macho yamefumbwa. "Kipo, Salhiya!"

Nilikaribia kupiga kelele. Lakini mimi nimekaa na mtu huyu miaka thelathini. Nikauondoa uzi, nikapuliza kidole kisibaki na kitu, nikarudisha mikono yangu kwenye mapaja. "Na sasa?"

"Kipo."

Nikasema, "Haya." Nikaenda jikoni nikawasha jiko, nikalizima kabla chai haijachemka, nikaliwasha tena. Kidole kilichokufa nilikuwa nimekizoea. Mtu anayejidanganya mwenyewe, na wembe mkononi, na kichwa cha mjukuu wangu chini yake, huyo sikumjua.

Alhamisi sikuweka kitu tangu mwanzo.

"Kipo," alisema.

"Fumbua macho, Baba Khairat."

Akafumbua. Akakiona kidole chake kitupu, akaiona mikono yangu mitupu. Mpita njia alitusalimia, hakuna aliyeitika.

"Nlikuwa nnataka kiwepo," alisema.

"Basi waambie."

"Nitatumia macho."

"Baba yako alisema nini juu ya macho?"

Mwishowe akaniomba kitu kimoja: nimwache afike mpaka kwenye beseni la kunyolea. Akiona hawezi, atasema mwenyewe, mbele ya watu. Nami nikakubali. Nimeshajiuliza mara mia kwa nini nilikubali, na jibu ninalolipata kila mara ni kwamba nilimwonea huruma yeye kuliko mtoto ambaye bado sijamshika. Hilo si jambo jema kwa bibi kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa Wakil alitufuata na gari. Mangapwani, nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa imejaa watu tangu asubuhi, mbuzi ameshachinjwa, pilau inanukia mpaka barabarani. Nilimbebea mtoto chupa ya mafuta yangu, ya kumpaka kichwani akishanyolewa. Khairat alitoka chumbani taratibu, amejifunga tumbo, akaniwekea mtoto mapajani. Jina alishapewa, Yusra. Nywele nyingi, nyeusi, zimemlala mpaka shingoni. Na pale utosini, chini ya nywele, paliinuka na kushuka, paliinuka na kushuka.

Wanawake walinizunguka. Wanaume wakasimama mlangoni. Muhiddin akaja akakaa kwenye kibao mbele yangu, akalowesha nywele, akapaka povu, akakunjua wembe wa baba yake.

Hakuanza na wembe. Alitanguliza kidole peke yake. Nilikiona kile kidole kikitoka kwenye paji, kikipanda, kikaingia penye ulaini, kikapita juu yake, kikatoka upande wa pili. Mkono haukujua. Haukusita hata kidogo. Ulipita pale kama kwamba ni mfupa.

Aliinua macho akanitazama. Aliona usoni mwangu nilichokiona.

Akaukunja wembe.

"Kuna nini, bwana mkwe?" aliuliza Bi Kidawa.

"Kidole changu kimekufa ganzi," alisema Muhiddin, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Miezi mitatu sasa. Hakisikii utosi. Nimekuja hapa nnataka kukudanganyeni nyote. Nisameheni."

Nilidhani patazuka maneno. Hapakuzuka. Palisikika tu mlio wa sufuria kule uani. Khairat hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

Akanyoosha mikono amchukue mwanawe, na nilikuwa tayari kumpa. Lakini Muhiddin alimwita Wakil. Wakil huwanyoa wenzake wa hotelini kwa wembe, hilo tulilijua, ila hajawahi kumgusa mtoto. "Njoo ukae hapa," Muhiddin akamwambia. "Mie nitakuongoza. Lalisha wembe. Vuta, usisukume." Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alichukua mkono wake wa kulia, akaulaza kichwani mwa mtoto, na kidole kidogo akakilaza juu ya utosi wenyewe, kikaufunika. "Hapa usipite. Ukifika hapa, zunguka. Ukiteleza, nikate mie."

Khairat akarudisha mikono yake taratibu.

Wakil alinyoa huku jasho linamdondoka kwenye kidevu. Nyuma ya masikio, kisogoni, pembeni. Muhiddin akimwambia, taratibu, inua, osha, rudi. Nywele zikashuka kwenye kitambaa. Nilianza kupumua. Palibaki sehemu ndogo tu kando ya kidole, na hapo Yusra akapiga chafya, chafya ya mtu mzima, mwili mzima ukaruka mapajani mwangu.

Nikaiona damu. Nyekundu juu ya povu jeupe, ikatiririka mpaka kwenye nyusi za mtoto, ikanidondokea kwenye kanga.

Nilipiga ukelele. Khairat akapiga. Wakil aliutupa wembe kwenye beseni, akabaki ameshika kichwa chake mwenyewe. Muhiddin ndiye aliyeinama, akawa anamfuta mtoto kichwa kwa mkono wa kulia, anatafuta jeraha. "Wapi? Wapi kakatwa?" Na kila anapofuta damu inazidi, anafuta inazidi, utosi wote umekuwa mwekundu, na yeye anaangaza macho, "Salhiya, wapi, nnashindwa kuona, wapi?"

Bi Kidawa alimkamata kifundo cha mkono, akauinua mbele ya uso wake.

"Si mtoto, bwana mkwe. Ni wewe."

Kidole kidogo kilikuwa kimepasuka ubavuni, mkato wa kina, damu inachuruzika mpaka kiwikoni. Muhiddin alikiangalia. Alikiangalia kama kimeletwa na mtu. Hakuwa amesikia kitu chochote.

Hapana mtu pale ambaye hakuelewa. Wembe ungekuwa mkononi mwake, kidole kile ndicho kingekuwa kinatangulia.

Bi Kidawa alimwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Kichwa kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Nywele chache zilizobaki kando ya utosi alizikata mwenyewe kwa mkasi. Mafuta yangu yalipakwa, na pilau ikaliwa. Khairat aliniaga kwa kunibusu mkono, lakini macho yake hakuyainua. Nitangoja ayainue.

Tulirudi Bububu alasiri. Ile baiskeli ya chungwa ilikuwa imeegemezwa ukutani pale barazani, na raba zake mpya za mabawa, hata vumbi la kiganja hazijapata. Muhiddin alikaa kando yake. Nikaleta bakuli mbili na pamba, nikafungua kitambaa alichofungwa kidoleni.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Salhiya, nimechoka."

"Fumba."

Akafumba. Nikachovya pamba kwenye bakuli la maji, nikaigandamiza juu ya mkato. "Kuna kitu?"

Alingoja. Niliona anavyotafuta, paji lake limekunjana.

"Hamna," alisema. "Hamna kitu, mke wangu."

Machozi yalinitoka, maana huyo sasa nilikuwa namjua. Nikaweka pamba ile, nikachukua nyingine, nikaichovya kwenye bakuli la pili, la spiriti, nikagandamiza palepale.

Mkono uliniponyoka. Aliruka akasimama, akagonga baiskeli, kengele yake ikalia.

"Inachoma! Unatia nini, we mwanamke? Inachoma!"

"Wapi?"

"Kidoleni!"

"Kaa," nikamwambia. "Fumba macho. Tuanze tena."